Wingu Lisiloonekana

Ukungu unaotanda juu ya mashamba ya mboga ya Lukozi, wilayani Lushoto, huonekana kwa macho. Lipo wingu jingine lisiloonekana: kompyuta za mbali zinazohifadhi kazi za watu na kufikiwa kwa intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Kazi zilizohifadhiwa hazikupotea. Njia ya kuzifikia ndiyo iliyoharibika. Yafaa basi mwanafunzi afunzwe kutafuta chanzo cha hitilafu kwa utaratibu: kwanza chombo chake, kisha mtandao wa shule, mwisho njia ya mbali. Abadili jambo moja kwa wakati, aandike matokeo. Hiyo ndiyo sayansi. Kubonyeza vitufe pekee si elimu.