TAHARIRI: Mtoto aliyetikiswa huenda asiwe na alama yoyote

MTOTO wa miezi miwili akitapika, amelegea na hataki kunyonya, wengi wetu tutasema ni malaria ama tumbo. Kliniki nayo itampima joto, impe dawa, arudi nyumbani. Lakini dalili hizo hizo huonekana kwa mtoto aliyetikiswa kwa nguvu.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito ukilinganisha na mwili, na shingo haijakaza. Ukimtikisa, ubongo unayumba ndani ya fuvu, mishipa midogo inakatika, damu inavuja juu ya ubongo na mara nyingi nyuma ya macho pia. Kwa nje huenda usione hata mkwaruzo.

Ndiyo maana hata madaktari hupitwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1999 uliangalia watoto 173 walioumizwa kichwa na watu wazima. Watoto 54 kati yao walikuwa wameonwa na daktari awali bila tatizo kutambuliwa, na baadhi waliumizwa tena.

Kwa hivyo daktari aulize, hata kama swali linaudhi. Mtoto ambaye hajaanza kutambaa ana alama ya kuvilia damu: ameipata wapi? Apigwe picha ya kichwa na ya mifupa, macho yakaguliwe, damu ipimwe kama inaganda sawasawa. Hilo la mwisho si dogo, kwani kuna magonjwa yanayosababisha damu kuvuja vivyo hivyo, na mtu asishtakiwe kwa dalili moja tu.

Halafu tuache hii tabia ya kumrukia yaya kwanza. Katika tafiti za Marekani, mara nyingi aliyetikisa alikuwa baba ama mpenzi wa mama. Vijana, hapo ni sisi tunaongelewa.

Kilio cha mtoto huzidi kufikia mwezi wa pili, kisha hupungua. Hakuna anayetuambia hivyo, tunadhani mtoto ana kiburi. Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, pigia rafiki simu. Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure.

Na kama ameshatikiswa, mkimbize hospitali na useme lililotokea, hata kama unaogopa polisi. Daktari akijua, ataanza na kichwa, si dawa ya malaria.