MAMBO YA ULIMWENGU: ONYO HALIFAI KUFICHWA
Katika nchi tambarare za Marekani, hasa toka mwezi wa Aprili mpaka Juni, hewa ya joto yenye unyevu itokayo Ghuba ya Meksiko hukutana na hewa kavu itokayo magharibi. Hapo huzaliwa dhoruba kali za radi na mvua ya mawe, na pengine tonado. Umbo lake ni kama la chamchela izungushayo mavumbi njiani wakati wa kiangazi, lakini nguvu zake ni za kung'oa nyumba na kutupa magari. Tarehe 18 Machi 1925 tonado moja ilipita katika majimbo matatu, Missouri, Illinois na Indiana, ikaua watu 695. Hawakuwa wameonywa.

Kutoonywa huko hakukutokana na uchache wa elimu peke yake. Tangu miaka ya 1880, wakuu wa kazi ya hewa waliwakataza watumishi wao kulitaja neno tonado katika ubashiri. Walihofu kwamba watu wakilisikia wataingiwa na fazaa, na fazaa hiyo itadhuru kuliko upepo wenyewe. Katazo hilo lilidumu mpaka 1938.

Usiku wa 20 Machi 1948 tonado ilipiga uwanja wa ndege za jeshi wa Tinker, karibu na Oklahoma City, ikaharibu ndege nyingi. Jemadari Fred Borum, mkuu wa mahali hapo, aliwaagiza maofisa wawili, Meja Ernest Fawbush na Kapteni Robert Miller, wachunguze kama jambo hilo laweza kujulikana mapema. Wakazipekua ramani za hewa za siku za tonado zilizopita, wakaona dalili zinazofanana. Tarehe 25 Machi ramani ya siku hiyo ilikuwa kama ile ya tarehe 20. Wakatoa onyo. Ndege zikaingizwa mabandani, watu wakaondoshwa penye hatari. Jioni tonado ikafika pale pale. Mali iliharibika, lakini hakuna aliyekufa. Mwaka 1952 ofisi ya hewa ya serikali ikaanza kuwatangazia raia wote.

Je, fazaa iliyohofiwa ilitokea? La, hatari iliyoonekana ilikuwa kinyume chake. Tarehe 22 Mei 2011, mjini Joplin, Missouri, ving'ora vililia zaidi ya robo saa kabla ya tonado, lakini watu zaidi ya 150 walikufa. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba wengi hawakukimbilia mahali pa salama waliposikia king'ora cha kwanza. Walikwisha kukizoea, wakangoja ishara nyingine. Wala hawakuwa wapumbavu: wakati huo, katika kila maonyo manne ya tonado nchini humo, matatu hivi hayakufuatwa na tonado.

Basi, dawa si kurudia kimya cha zamani. Mwenye kuonya hana budi aseme waziwazi: ni mahali gani, saa ngapi, na mtu afanye nini. Naye msikiaji, akiambiwa aingie chumba cha chini ya ardhi, au cha katikati ya nyumba kisicho na madirisha, na aingie kwanza, aulize baadaye. Ajifichaye bure mara tatu hupoteza dakika chache; asiyejificha mara ya nne aweza kupoteza watoto wake.