Kunywea kwa Ufizi Baada ya Upasuaji

Mtu aliyepandikizwa jino, kisha ufizi ukavimba na kutoa usaha hata ikabidi apasuliwe, hujitazama katika kioo baada ya wiki kadhaa na kuona jambo ambalo hakuambiwa: ufizi umenywea, jino limerefuka, na pengine ukingo wa chuma umejitokeza. Akiwa mkazi wa Dar es Salaam, humrudia daktari wake. Akiwa mkazi wa Matai wilayani Kalambo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, humwuliza jirani, naye jirani humjibu kwamba alipasuliwa vibaya. Tangu hapo huogopa kugusa mahali pale kwa mswaki, na maradhi hurejea.

Kipandikizi cha jino (tusikichanganye na kile cha uzazi wa majira) ni skrubu ya titani itiwayo katika mfupa wa taya. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aliona katika miaka ya 1950 kwamba mfupa wa sungura hushikamana na titani, na mwaka 1965 akampandikiza mgonjwa wake wa kwanza. Lakini ufizi haushikamani nayo namna hiyo. Katika jino la asili, nyuzi za ufizi hujichomeka katika mzizi. Kandokando ya titani hupita tu na kuizunguka. Kwa hiyo utando wa vijidudu usiposafishwa, uvimbe hupenya upesi hadi mfupani na kuula.

Katika upasuaji, daktari huufunua ufizi, hukwangua nyama iliyoharibika, husafisha titani, kisha hushona. Uvimbe uliokuwa umeuinua ufizi huondoka. Tena mfupa uliokuwa ukiutegemeza umekwisha liwa, nao ufizi huufuata mfupa. Basi kushuka kwa milimita moja au mbili si ajabu, na wenye ufizi mwembamba huweza kupoteza zaidi. Kwa maoni yangu hiyo ni bei ya haki: kifuko kirefu kilichoficha usaha kimekuwa kifupi, na mswaki sasa hukifikia. Tiba ipimwe kwa damu, usaha, kina cha kifuko na picha ya eksirei.

Sisemi kwamba sura si kitu. Jino la mbele la mwalimu asimamaye darasani kila siku lina uzito wake, na yawezekana kuhamisha kipande cha nyama kutoka kaakaa ili kuufunika ukingo. Ila hilo lingoje hadi maradhi yatulie.

Lisilongoja ni maelezo. Kabla ya kushika kisu, daktari hana budi kumwambia mgonjwa kwamba ufizi utanywea, kisha aandike kwenye kadi, kwa Kiswahili, kimo cha ufizi na kina cha kifuko, ili tabibu wa meno wa Kalambo au Sumbawanga aweze kulinganisha kila baada ya miezi michache. Chombo cha kupimia ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, hakihitaji hata umeme. Na pale ambapo hapana wa kumwangalia mgonjwa karibu na kwao, naona afadhali asipandikizwe kabisa, apewe meno ya kuvaa na kuvua, hata kama fedha ya kipandikizi anayo mkononi.