Moshi wa Kilindini Nao Uandikwe

Aliyepata kusimama Mtongwe msimu wa kaskazi, upepo unapoupitisha moshi wa bandari ya Kilindini juu ya maji hadi ng'ambo, ameiona meli iliyokwisha kufungwa kamba gatini na kuzimwa injini yake kuu, ilhali dohani yake ingali ikifuka. Mabaharia hawastaajabu, kwani taa za melini lazima ziwake na shehena ya baridi ipozwe, na umeme wa hayo yote hutoka katika majenereta yaliyomo tumboni mwa meli yenyewe, yakinywa mafuta usiku na mchana. Mama aliyeanika kanzu nyeupe uani huikuta ina vitone vya masizi, na akiuliza kama ni ya meli au ya malori, hapati wa kumjibu.

Kwa ajili ya swali la mama huyo natoa rai kwamba moshi wa meli ukadiriwe kila mwaka na makadirio yatangazwe hadharani. Kwa kila meli huchukuliwa nguvu ya mitambo, sehemu yake inayotumika, saa za kutumika, na kiasi cha uchafu utokao kwa kila kilowati kwa saa. Vinne hivyo vikizidishwa, jawabu hupatikana. Uangalifu wahitajika, maana meli ikipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inayotakiwa na rafadha hushuka hadi takribani thumni, na mwenye kuikadiria mlangoni mwa bandari kana kwamba imo bahari kuu atakosea mno. Tena tangu 1 Januari 2020 kikomo cha salfa katika mafuta ya meli kimeteremshwa duniani kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, isipokuwa kwa meli zenye mitambo ya kuosha moshi. Ni nafuu kubwa, walakini gesi za naitrojeni hazikuondoka nayo.

Lililo zito kwangu ni saa. Saa ya kutia nanga nje, ya rubani kupanda, ya kufunga kamba na ya kuzifungua, zote huandikwa, kwa kuwa ada na madai ya wenye shehena huzitegemea. Zilizokwisha kuandikwa kwa ajili ya fedha zinashindwaje kusomwa tena kwa ajili ya vifua vya watu?

Bandari ya Los Angeles, Marekani, imekuwa ikitoa hesabu ya namna hii kila mwaka tangu 2005, na tangu 2004 ina gati ambapo meli za makontena huvuta umeme wa nchi kavu. Nasi tukitaka waya kama huo, sharti tujue uanzie wapi, wala idadi ya meli pekee haitatwambia. Kwani meli ya mafuta ifikayo Kipevu hushusha shehena kwa pampu zake yenyewe, aghalabu kwa nguvu ya mvuke, na dohani yake huweza kufuka gatini kuliko ya jirani yake wa makontena aliyeipita kwa ukubwa.