Kodi ya Mpangaji Si Mtaji wa Kumalizia Nyumba

Mwandishi aliyewashauri wasomaji wa gazeti hili waingize wapangaji kwenye nyumba ambayo haijakwisha, kisha waimalizie kwa kodi ya miezi sita, amewapoteza. Hapa Dar es Salaam tunajua ushauri huo unazaa nini: vyumba visivyo na dari, pazia badala ya mlango wa choo, na shimo la maji taka lililofunikwa kwa mabati.

Kodi ya miezi sita huingia kwa mkupuo, ndiyo maana huonekana nyingi. Lakini ni malipo ya siku ambazo mpangaji bado hajaishi. Ukiimaliza yote kwenye lipu na vigae, mwezi wa tatu bomba likipasuka huna pesa ya kumwita fundi, wala huwezi kumdai mtu aliyekwisha kulipa.

Mwandishi huyo anasema pia kwamba mita moja ya LUKU inatosha vyumba sita. Haitoshi. Mwenye taa moja na mwenye friji watagombana kila umeme ukiisha. Tena, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye LUKU. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme anamlipia, na ni haki yake kurudishiwa. Makala ile haikuligusa hilo hata kwa neno moja.

Wewe unayeanza, jenga vyumba viwili. Maliza paa, choo, maji na mita, mwandikiane mkataba, ndipo umkabidhi mtu ufunguo.