Msiifanye Enanga Maiti

Wapo watu Bukoba na Muleba wanaosema enanga isiguswe. Wakisikia kijana anataka kuupandisha utendi wa Kachwenyanja jukwaani, wenye waigizaji, kwaya na gitaa, wanang'aka: mnaharibu mila! Haohao, siku ya sherehe, humpa mpiga enanga dakika tano kati ya hotuba ya mgeni rasmi na chakula. Utendi unaohitaji jioni nzima unakatwa shujaa hajatoka hata nyumbani kwake. Uharibifu huo hakuna anayeung'akia.

Tazameni Waitalia. Utendi wa Torquato Tasso kuhusu vita vya msalaba, Gerusalemme liberata, ulichapishwa 1581. Karne ya 18 watunzi wa opera waliuchakura bila haya: majeshi wakayasogeza pembeni, wakamchukua Armida, mchawi anayempenda adui yake, wakamwimbisha. Handel alifanya hivyo London 1711 katika Rinaldo, akaachiliwa hadi shomoro hai jukwaani (gazeti moja likamcheka sana). Jommelli akafuata Napoli 1770, Haydn 1784. Kila mmoja alikata na kuongeza atakavyo, na Tasso akazidi kujulikana.

Mtaniuliza, nani ataelewa Kihaya? Waingereza wengi wa 1711 hawakujua Kiitalia. Walichapishiwa maneno na tafsiri yake, wakakaa, wakasikiliza.

Na hiyo enanga "isiyoguswa" ni ipi? Manju ni mmoja, ana ubao wake wenye nyuzi, lakini ndani ya koo lake yumo mfalme, mke wa mfalme na adui yao. Hurefusha pale wasikilizaji wanaposogea, hufupisha wanapopiga miayo. Anayedai utendi huo una umbo moja takatifu hajawahi kuusikiliza.

Habibu Selemani alifariki 1993. M. M. Mulokozi, aliyeandika tasnifu yake ya 1986 juu ya tendi hizi, alimwandikia makala mwaka 1997 akimwita manju wa mwisho. Wa mwisho! Basi hawa walinzi wanalinda nini, ubao?

Wapeni kidato cha tatu wa Muleba utendi mmoja mzima, muhula mzima, na ukumbi wenye milango wazi. Waweke gitaa wakitaka. Wakikosea, mzee anayeujua atasimama awasahihishe mbele ya watu.