JIKONI: Kidole na Nyama ya Kuchoma

Jioni moja huko Magomeni nilisimama kumtazama mchoma nyama wa barabarani. Hakukata wala hakuonja. Alibonyeza mnofu kwa ncha ya kidole, akamwambia mteja: "Bado, mzee, ngoja kidogo."

Akina mama, jambo hili si uganga. Moto hukaza nyama na kukamua maji yake. Kadiri inavyoiva ndivyo inavyozidi kukaza. Legezeni mkono wa kushoto, mbonyeze mnofu ulio chini ya kidole gumba: ndivyo ilivyo nyama mbichi. Gusanisheni gumba na kidole cha kati, mnofu ule utakaza kidogo: nje imeiva, ndani bado nyekundu. Gusanisheni na kidole cha mwisho: imeiva kabisa.

Lakini kipimo hiki chafaa steki, yaani mnofu laini usio na mfupa. Ng'ombe mzee wa kijijini, aliyetembea maili nyingi kutafuta maji, nyama yake ni ngumu hata kabla ya kuona moto. Kidole kitasema imeiva, kumbe ndani ingali mbichi.

Na nguruwe je? Hapo msitegemee kidole hata kidogo. Nyama yake yaweza kuwa na vifuko vya tegu, vyeupe mfano wa punje za mchele. Mkiviona, msiinunue. Na hata msipoviona, ikateni penye unene zaidi mtazame: pakiwa na wekundu au maji ya damu, irudi motoni. Baba mwenye njaa na aanze na ugali.